Nani alipie shahada ya pili ya fizikia?

Wiki hii nina barua kutoka Igalula. Kwa msomaji asiyepajua, Igalula ni kituo cha Reli ya Kati upande wa mashariki wa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui, nchi ya tumbaku, asali na miombo. Aliyeniandikia ni mzee mmoja mkulima, naye ameomba nisimtaje jina maana jambo lenyewe ni la nyumbani kwake. Binti yake alihitimu shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu, katika fizikia na hisabati, akafaulu vizuri, na sasa anafundisha sekondari ya serikali. Kiu yake ni kusoma zaidi. Basi ametokea bwana mmoja mjini, ajiitaye wakala wa vyuo vya ng'ambo, akasema chuo kipo na nafasi ipo. Kinachotakiwa ni nusu ya ada ya mwaka wa kwanza pamoja na alichokiita gharama za kushughulikia. Mzee amepiga hesabu na kuona kwamba ni ng'ombe 12 katika 18 alio nao. Anauliza: auze au asiuze?

Jibu langu ni kwamba asiuze. Na kwa kuwa nina hakika mzee huyu hayuko peke yake, na kwamba hata hapa mjini wako wazazi wanaotaka kuweka hati ya nyumba rehani kwa sababu hiyo hiyo, nitaeleza kwa nini.

Fizikia si kama biashara au sheria. Mtu anayekwenda kusomea shahada ya pili ya biashara ng'ambo ananunua bidhaa, na chuo kinamwuzia. Lakini katika fizikia, na hasa kuanzia ngazi ya udaktari, mwanafunzi ni mkono wa kazi. Ndiye anayesimamia maabara za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, anayesahihisha majaribio yao, anayekesha na mtambo wa kupimia, anayeandika programu ya kompyuta ya profesa wake. Bila yeye utafiti unasimama. Kwa hiyo vyuo vyenye utafiti wa kweli humsamehe ada na kumlipa posho ya kujikimu. Ziko shahada za pili za mwaka mmoja, hasa Uingereza, ambazo huuzwa kwa bei kubwa kwa watu wa nje, na fizikia imo. Ila mtu wa kipato chetu asiguse mlango huo mpaka awe na mfadhili mkononi.

Mzee wa Igalula atanielewa kwa haraka kuliko wasomi wengi. Upande ule ndiko ilikopita njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo, kupitia Ugogo, hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mafundi wa kazi ile, na hawakuinua mzigo mpaka yajulikane malipo yao ni nguo kiasi gani na posho ya njiani itatoka kwa nani. Sijapata kusikia kwamba mpagazi alimlipa mwenye msafara ili abebeshwe pembe. Sasa leo mjukuu wa mpagazi yule anaambiwa alipe ndipo apewe mzigo!

Haya, fedha hizo ziko wapi? Nitaanza na milango iliyo karibu.

Wa kwanza uko Kigali. Mwaka 2018 ilifunguliwa pale taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste nitakachokitaja punde. Inafundisha shahada ya pili na ya udaktari kwa Kiingereza, na hutoa ufadhili kwa idadi ya wanaochaguliwa. Kutoka Tabora mtu hupanda basi kupitia Nzega na Kahama akavuka Rusumo. Hata ndege haihitajiki. Nashangaa kuona vijana wetu wanaotafuta Kanada kwa tochi huku Kigali hawajapata kuisikia.

Mlango wa pili ni taasisi ya sayansi za hisabati ya Afrika, maarufu kwa kifupi cha AIMS. Aliianzisha mwanafizikia Neil Turok karibu na Cape Town mwaka 2003, na baadaye vikafunguliwa vituo Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda. Turok mwenyewe ni mtoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na sehemu ya utoto wake aliishi uhamishoni hapa Tanzania. AIMS hutoa shahada ya pili ya sayansi za hisabati, ndani yake ikiwamo fizikia ya nadharia, na wanaochaguliwa hulipiwa masomo, malazi na chakula. Kwa mwalimu aliyesoma fizikia na hisabati pamoja, naona huu ndio mlango unaomfaa zaidi, na nitasema sababu. Shahada yenye ualimu ndani yake humpa mwanafunzi kozi chache za fizikia kuliko mwenzake aliyesoma fizikia peke yake, kwa vile muda umegawanywa na hisabati na mbinu za kufundishia. Akiomba moja kwa moja udaktari, wakubwa watatazama matokeo yake na kuuliza: mekanika ya kwanta iko wapi? Mwaka mmoja au miwili ya shahada ya pili huziba pengo hilo.

Wa tatu ni Trieste, Italia. Hapa naomba nikae kidogo, maana kituo hiki kilijengwa kwa ajili ya watu kama sisi. Abdus Salam alikuwa mwanafizikia wa Pakistani. Alipomaliza masomo Cambridge alirudi nyumbani mwaka 1951 kufundisha Lahore, akajikuta hana mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi yake wala majarida ya kusoma. Mwaka 1954 akalazimika kurudi Uingereza. Hakulisahau jambo lile. Mwaka 1964 alifungua kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia pale Trieste, kwa msaada wa serikali ya Italia na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ili msomi wa nchi maskini aweze kwenda kunolewa na kurudi, bila ya kuchagua kati ya fizikia na nyumbani kwao. Miaka 15 baadaye, 1979, alipata Tuzo ya Nobel. Tangu mwaka 1991 kituo hicho kina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Mwanafunzi halipi ada, na anapewa fedha za kuishi. Masomo ni magumu na nafasi ni chache: wanataka mtu mwenye shahada ya pili, au mwenye shahada ya kwanza nzuri isiyo ya kawaida. Lakini aliyepita pale anaomba udaktari popote duniani, na barua zake zinasomwa.

Kwa wanawake uko mlango mwingine mahususi. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha ufadhili uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa wanawake wanaosomea shahada ya pili katika mambo ya nyuklia, pamoja na fizikia ya tiba na kinga dhidi ya mionzi. Ulianzishwa kwa kiwango cha hadi euro 20,000 za ada na euro 20,000 za kujikimu, kwa muda usiozidi miaka miwili. Sharti lake moja huwapita wengi: lazima mwombaji awe amekwisha kukubaliwa na chuo. Na fani hii si ya anasa. Taasisi ya Saratani Ocean Road haiwezi kumwelekezea mgonjwa mionzi bila mwanafizikia wa kupima kipimo chake.

Marekani ni habari nyingine. Kule mtu anaweza kuingia udaktari moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, akakaa miaka 5 au 6, ada akasamehewa na kulipwa kama msaidizi wa kufundisha au wa utafiti. Fomu hufungwa kati ya Desemba na Januari, masomo yakaanza Agosti au Septemba. Kila chuo hudai ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 75 na 100, na anayeomba vyuo 10 bila kufikiri ameteketeza mishahara ya miezi kadhaa. Idara nyingi humsamehe mwombaji ada hiyo akiandika kwa adabu na kueleza hali yake kabla ya siku ya mwisho. Mtihani maalumu wa fizikia uliokuwa ukiwatisha watu, idara nyingi ziliacha kuudai kuanzia mwaka 2020. Aidha vyuo vingine hukubali barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa ulisoma kwa Kiingereza, badala ya mtihani wa lugha. Lakini kabla ya kutuma hata fomu moja, uliza ubalozini sheria ya viza kwa Mtanzania ikoje wakati huo. Sheria hizo hubadilika ghafla, na barua ya chuo haimfungulii mtu uwanja wa ndege.

Ujerumani nayo ina mtego wake mdogo. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, au hutoza kidogo, na watu husikia neno hilo wakashangilia. Wasichosikia ni kwamba ili upate viza sharti uonyeshe fedha za kuishi mwaka mzima, zikiwa zimefungiwa katika akaunti ya benki na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Mwaka 2024 kiasi hicho kilipangwa kuwa euro 11,904. Bure hiyo si ya mkulima. Anayeitaka Ujerumani aombe kwanza ufadhili wa DAAD, au zile shahada za pamoja za Ulaya ziitwazo Erasmus Mundus, ambazo kwa wanaochaguliwa hulipia masomo na kujikimu.

Nimetaja milango hii nikijua kwamba baadhi ya wasomaji watauliza kuhusu nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha fizikia mpaka udaktari, na kwa miaka mingi idara yake ilifaidika na mpango wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulioanza 1961, ambapo mwanafunzi alibaki ameandikishwa hapa na kwenda maabara za kule kwa vipindi. Utafiti wa vifaa vya umeme wa jua ulikua kwa njia hiyo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, mzigo wake mkubwa ni shahada ya kwanza, hivyo asiitegemee sana mtu wa shahada ya pili. Njia iliyo imara ni kuajiriwa chuoni kama mkufunzi msaidizi, na kwa kawaida hapo hutakiwa wastani wa 3.8 kati ya 5. Aliyeupata asiulalie.

Sasa tuje kwenye barua ya majibu, maana hapo ndipo familia nyingi hupotea. Barua ya kukubaliwa na chuo si barua ya fedha. Hizo ni barua mbili, hata zikija katika bahasha moja. Mwenye kuisoma atafute mambo manne: nani analipa ada, posho ya kujikimu ni kiasi gani kwa mwezi, bima ya afya imo au haimo, na yote hayo ni kwa miaka mingapi. Likikosekana moja, aandike kuuliza. Wako wanaopokea barua yenye maandishi mazito kwamba wamepewa ufadhili wa asilimia 50, wakachinja mbuzi. Asilimia 50 ya ada ya dola 30,000 ni deni la dola 15,000 kila mwaka, na mtu hajala. Chuo kile kimempunguzia bei tu, kama mwuza mitumba wa sokoni.

Na huyu wakala? Kumpima ni rahisi. Binti amwombe jina kamili la chuo na la idara, kisha aandike mwenyewe kwa baruapepe kwa mkuu wa masomo ya uzamili wa idara hiyo, akiuliza maswali yale manne. Idara za fizikia hujibu barua kama hizo bila malipo, ni sehemu ya kazi yao. Wakala akikasirika kwa kuandikiwa chuo, tumekwisha kumjua.

Nisiseme kwamba mzee hatatoa hata senti. Lipo shimo ambalo wafadhili wengi hawalifukii: nauli ya ndege, viza, pasi (ile ya elektroniki ilianza mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000), na mwezi wa kwanza kabla posho haijaingia, wakati mwenye nyumba anataka kodi na dhamana kwa pamoja. Hapo ndipo ng'ombe wana kazi, wawili au watatu, na wauzwe baada ya barua ya fedha kusomwa na mtu wa pili anayekijua Kiingereza cha ofisini. Hata Mwalimu Nyerere, alipotoka kufundisha St. Mary's pale pale Tabora mwaka 1949 kwenda Edinburgh, alikwenda kwa ufadhili.

Limebaki suala la maombi yenyewe. Wengi huamini kwamba alama ndizo zinazoamua. Alama hufungua bahasha. Baada ya hapo husomwa karatasi mbili, yaani maelezo ya mwombaji na barua za wanaomfahamu.

Katika maelezo, vijana wetu huandika kwamba wameipenda fizikia tangu utotoni na wanataka kulitumikia taifa. Maneno mema, lakini msomaji wa kule ameyasoma mara mia mbili siku hiyo. Anachotafuta ni swali. Mkumbukeni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, aliona kwamba maziwa ya aisikrimu yaliyotiwa kwenye friji yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Aliuliza, akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Afrika Mashariki. Mpemba akamwuliza tena, safari hii akitaja vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100. Wenzake walicheka tena, lakini Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ilichapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Mpemba alikwenda kusomea wanyamapori Mweka, na sisemi kwamba wanyamapori hawakumfaa. Ila najiuliza kama kuna aliyemwonyesha mlango wa fizikia. Swali la namna ile, lenye vipimo ndani yake, likiwa katika aya ya kwanza, lina uzito kuliko mapenzi ya utotoni.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu, na angalau mbili zitoke kwa wahadhiri waliomfundisha fizikia. Barua ya mkuu wa wilaya haisaidii kitu, hata ikiwa na mhuri mkubwa. Mhadhiri apewe miezi miwili, pamoja na nakala ya matokeo, maelezo ya mwombaji, na orodha ya vyuo na tarehe zake. Akumbushwe wiki mbili kabla, bila haya. Naye aitume kutoka anwani ya chuo chake, maana barua itokayo kwenye anwani ya kawaida ya mtaani hutiliwa shaka.

Kisha kuna majina. Hili nalitilia mkazo kwa sababu limewakwamisha wengi kutoka vijijini. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina la babu, cheti cha kidato cha nne kina jina la ubatizo, kitambulisho cha taifa kimeandikwa kwa herufi iliyozidi, na pasi imefuata kitambulisho. Kwa karani wa Ulaya hao ni watu watatu. Marekebisho huchukua miezi, kwa hiyo yafanywe kabla ya fomu kufunguliwa.

Jambo la mwisho linawahusu walio kazini kama binti huyu. Mtumishi wa umma anaomba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia kwa mkuu wake wa shule, baada ya kuthibitishwa kazini, na anasubiri jibu la maandishi. Asiridhike na kuambiwa kwa mdomo kwamba aende tu, mambo yatakaa sawa. Anayeondoka bila barua hiyo huhesabiwa mtoro, na akirudi na udaktari wake atakuta jina lake halimo katika orodha ya mishahara.